Afande, kirudishe shuleni kisahani cha kilo 2

Swali limetoka Tororo, mashariki mwa Uganda, kwa mstaafu wa Magereza mwenye umri wa miaka 54. Binti yake anarusha kisahani katika timu ya riadha ya sekondari. Baba alipokuwa akimsindikiza mazoezini akajaribu mara moja, akanogewa. Sasa anarusha kisahani cha kilo 2 alichoazima shuleni, kwa kusimama tu, bila kuzunguka, nacho huanguka karibu na mita 18. Jioni huenda jimu, ambako analala benchi na kusukuma kilo 80. Bega la kulia limeanza kumuuma upande wa mbele. Anauliza mambo matatu: aongeze uzito gani jimu ili afike mita 30, lini aanze kuzunguka, na akinunua kisahani chake anunue cha namna gani.

Afande, nianze na lililo jepesi. Kisahani cha kilo 2 ni cha mwanamume aliye chini ya miaka 50. Katika mashindano ya wakongwe, ambayo huanzia miaka 35, mwanamume wa miaka 50 hadi 59 hurusha cha kilo 1.5, na akishafika 60 hurusha cha kilo 1. Wanawake hurusha cha kilo 1 hadi wanapofika 75, kisha wanapunguziwa kuwa robo tatu ya kilo. Kwa hiyo umekuwa ukijitesa na chombo kisicho chako. Waulize walimu wa shule hiyo hiyo kama wana cha kilo 1.5, maana ndicho wanachorusha wavulana walio chini ya miaka 18. Wakikosa, azima cha kilo 1 anachorusha binti yako. Kwa miezi ya mwanzo hicho kitakufundisha zaidi.

Najua hapo umekunja uso. Mtu aliyezoea kubeba vizito huona chepesi ni cha watoto. Lakini kisahani hakipimi uzito unaoweza kusukuma, kinapima kasi ya mkono pale kinapokutoka. Ukiongeza kasi hiyo kwa sehemu moja katika kumi, umbali huongezeka kwa karibu sehemu mbili katika kumi. Ndiyo sababu utamwona kijana mwembamba mwenye nyonga kali akimpita jitu la jimu. Kisahani kizito mno kwa anayejifunza kinamlazimisha kuvuta kwa bega, na hilo ndilo bega unalolilalamikia.

Sasa lile swali lako la kilo ngapi. Jibu langu halitakufurahisha: usiongeze hata moja kwenye benchi. Kilo 80 kwa mtu wa miaka 54 zinatosha na kubaki. Kifua chako kina nguvu kuliko miguu yako inavyoweza kuitumia. Ukizidi kukikaza bila kuushughulikia mgongo, mabega yanavutwa mbele, na ukipeleka mkono nyuma ili urushe, kano za mbele ya bega zinabanwa. Kwa miezi mitatu ijayo benchi iwe mara moja kwa wiki, kilo 50 au 60 tu, na kila unaposukuma mara moja, vuta mara mbili. Inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta chuma kuelekea tumboni. Au funga mpira wa baiskeli kwenye mti, uvute hadi mabega yakutane nyuma.

Kwanza lakini lipime bega lenyewe. Kama linakuuma usiku unapolilalia, au huwezi kuinua mkono juu ya kichwa bila kukunja uso, acha kurusha na uende hospitali umwone mtaalamu wa viungo. Kama linauma tu siku ile uliyorusha na kesho yake limetulia, punguza idadi na uendelee.

Nguvu ya kisahani hutoka ardhini. Inapanda kwa mguu wa kulia, inapita kwenye nyonga, inazungusha kiwiliwili, na mkono unaipata mwisho kabisa, umelegea kama kamba ya kombeo. Ndiyo maana kazi kubwa ya jimu kwako iwe kuanzia kiunoni kwenda chini. Chuchumaa ukiwa na chuma mabegani hadi makalio yaguse benchi, kisha simama. Nyanyua chuma kutoka chini, lakini usianzie sakafuni: kiweke juu ya matofali ili kifike chini kidogo ya magoti, mgongo wa chini wa mtu wa umri wetu utakushukuru. Panda ngazi au kizingiti imara kwa mguu mmoja mmoja. Halafu beba jerikeni mbili za lita 20 zilizojaa maji, moja kila mkono, utembee ukiwa umenyooka. Hizo ni kilo 20 kila upande, na kila nyumba ya Tororo inazo. Zoezi hilo hukaza vidole, tumbo na mabega kwa mpigo mmoja, na siwaoni watu wakilifanya jimu kwa sababu halipendezi kwenye kioo.

Miezi miwili ya kwanza fanya raundi tatu za mara nane hadi kumi, kwa uzito unaokuacha bado ungeweza kunyanyua mara mbili tatu zaidi. Usifike mahali pa kutetemeka. Usizuie pumzi pia, maana kufanya hivyo chini ya uzito hupandisha presha ghafla. Toa pumzi unaponyanyua. Na kama hujapima presha mwaka huu, ipime kabla ya haya yote. Baada ya hapo ongeza uzito, punguza iwe mara tano. Siku mbili za nguvu kwa wiki zinatosha, tuseme Jumatatu na Alhamisi, na siku mbili za kurusha, Jumatano na Jumamosi.

Mbona polepole hivyo? Misuli hujibu haraka, hata ya mtu wa miaka 70. Ndani ya wiki chache utajisikia mpya. Kano, zile zinazoshikanisha misuli na mifupa, huchukua miezi mingi kukomaa. Wakongwe wengi wanaoumia huumia mwezi wa pili au wa tatu wa mazoezi, pale misuli inaposema twende na kano hazijafika. Kalenda yako iandikwe na kano. Hapo kuna jambo lisilosemwa sana kwetu, nalo ni dawa. Siprofloksasini, ile watu wanayoinunua dukani kwa jina la sipro kila tumbo linapochafuka, pamoja na dawa za ukoo wake, inajulikana kudhoofisha kano, hasa ya kisigino, na hatari ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za jamii ya kotizoni. Mtu anaweza kukatika kano akiwa anatumia dawa au hata wiki kadhaa baadaye. Ukiandikiwa, mwambie daktari kwamba unarusha na kuruka, na usirudi uwanjani kwa kishindo. Malaria nayo ina adabu yake: ukipona, wiki ya kwanza tembea na unyooshe viungo tu.

Kuna uwezo mwingine ambao umri huuchukua mapema kuliko nguvu, nao ni wepesi wa kuitoa nguvu hiyo kwa ghafla. Mzee anaweza kubeba gunia kama zamani, lakini kuruka mtaro kumemshinda. Kisahani kinataka huo wepesi wa kuruka mtaro. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa nne wa mazoezi yako weka mwanzoni mwa siku ya nguvu, ukiwa bado hujachoka, miruko michache ya chini kwenye nyasi na urushaji wa mpira mzito wa kilo 3. Ushike kwa mikono miwili, uzungushe kiuno, uupige ukutani kutoka kando. Kisha uurushe nyuma juu ya kichwa. Mara tano, pumzika, mara tano tena. Ukihisi kasi imepungua, zoezi limekwisha siku hiyo. Kama mpira hakuna, fundi cherehani atakushonea mfuko wa turubai, ujaze mchanga.

Nije kwenye kurusha kwenyewe, na hapa nitakaa.

Nadhani unakishika kisahani kwa nguvu. Wanaoanza karibu wote hufanya hivyo, kwa kuogopa kisianguke. Kisahani hakishikwi, kinategemezwa. Tandaza vidole, ukingo ukae kwenye kiungo cha mwisho cha vidole vinne, dole gumba lilale tu juu yake, kifundo cha mkono kilegee. Kinachokizuia kisianguke ni mwendo wa mkono unaozunguka. Jizoeze kwanza kukiviringisha ardhini mbele yako kama gurudumu, kikitokea kwenye kidole cha shahada. Kikienda wima na moja kwa moja, umeshajua kukiachia. Kikilala njiani, bado kiganja kinaingilia. Binti yako amelifanya hili sana, mwombe akusimamie, na usione haya kufundishwa na mtoto.

Kisha kurusha kwa kusimama. Kwa mtu wa mkono wa kulia, bega la kushoto lielekee unakorusha, miguu iwe mipana kupita mabega, na vidole vya mguu wa kushoto viwe kwenye mstari mmoja na kisigino cha mguu wa kulia. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoiruhusu nyonga kupita. Ukiweka miguu yote kwenye mstari mmoja unajifungia mlango. Kunja goti la kulia, weka uzito wote juu yake, geuza kifua nyuma hadi kidevu kiwe juu ya goti. Kisahani kiko nyuma, karibu na usawa wa bega. Kutoka hapo usifikirie mkono kabisa. Anza na unyayo wa kulia: uzungushe juu ya sehemu yake ya mbele, chini ya vidole, kisigino kikielekea nyuma, goti na nyonga vikigeukia mbele. Kifua kitavutwa, bega litavutwa, mkono utakuja wenyewe ukiwa mrefu. Mguu wa kushoto unanyooka na kuwa nguzo, mkono wa kushoto unakunjwa kifuani ili upande huo usimame, na upande wa kulia unapita kwa kasi. Kocha anayesimama kando hatazami kisahani. Anatazama kama nyonga imefika mbele kabla ya bega. Ikifika pamoja nalo, umerusha kwa mkono.

Wewe nyumbani huna kocha, lakini kisahani chenyewe kitakuambia. Kikienda kulia mno, umekiachia mapema, mara nyingi kwa sababu mkono umetangulia. Kikienda kushoto, umekichelewesha au umeangukia upande wa kushoto badala ya kuupinga. Kikiinua pua, kikasimama hewani na kudondoka kama jani, umekirusha juu mno. Pembe inayofaa ni ya nyuzi 35 hadi 40, chini kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hewa yenyewe hukibeba. Ndiyo maana pia upepo wa wastani unaokuja usoni husaidia, jambo ambalo wakimbiaji hawaliamini hata uwaapie.

Rusha mara 20, au 25 ukijisikia vizuri, na za mwanzo ziwe za nusu nguvu. Kabla ya hapo tumia dakika 20 kupasha mwili: kutembea haraka, kuzungusha nyonga na mabega, kugeuza kiwiliwili ukiwa na fimbo mabegani. Ukizidisha idadi hiyo, mwili uliochoka huanza kujifunza makosa, na makosa yaliyojifunzwa ukiwa na miaka 54 yana mizizi.

Na usalama, Afande. Viwanja vyetu havina wavu. Vina watoto, mbuzi na njia ya mkato kuelekea sokoni. Kisahani cha kilo moja na nusu kikimpata mtu kichwani hakimwachi. Asisimame mtu mbele yako wala ubavuni, hasa upande wa kulia, na usirushe hadi anayeokota awe amerudi nyuma yako. Hata binti.

Kuhusu kuzunguka: bado. Msimu wa kwanza wote rusha kwa kusimama. Mabingwa hupata mita nyingi kwa mzunguko, lakini anayeanza mara nyingi hupata mbili tatu tu, na siku nyingine hupoteza, huku magoti, kinena na kiuno vikibeba mzigo wote. Nitakupa kipimo. Chora uwanja wako mwenyewe: duara lina upana wa mita 2.50, na mistari miwili ya eneo la kuangukia hutoka katikati ya duara. Huhitaji kifaa cha kupimia pembe. Upana kati ya mistari hiyo ni sehemu sita katika kumi za umbali kutoka katikati, yaani kwenye mita 10 upana ni mita 6, kwenye mita 20 ni 12. Kamba na vijiti vinne vinatosha, na mistari uimwagie majivu. Visahani vinane katika kumi vikiangukia ndani, kwa wiki nne mfululizo, bega likiwa kimya, hapo tuanze.

Tutaanza bila kisahani. Mzunguko kamili ni mara moja na nusu, na masikio ya ndani ya mtu mzima hayapendi mizunguko ya ghafla. Kizunguzungu ndicho kitakachokuangusha kabla ya goti. Tembea mzunguko polepole, macho yakitafuta kitu kimoja mbele, mti au nguzo. Kisha fanya nusu: simama nyuma ya duara ukitazama mbele, mguu wa kushoto ukiwa ndani, piga hatua ya kulia hadi katikati, geuka juu yake, weka kushoto, rusha. Zoezi hili makocha hulitumia kwa wanaoanza wa umri wote, na kuna wakongwe wanaolitumia hata mashindanoni. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuzunguka kikamilifu. Ukilifanya chukua tairi kuukuu la baiskeli badala ya kisahani: linakaa mkononi, halivunji kitu, na likivutwa kwa bega utalisikia likikuchapa mgongoni.

Kwa kuzunguka, sakafu ni muhimu kuliko viatu, na viatu ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye nyasi au murram, unyayo hunasa huku mwili ukiendelea kugeuka, na kinacholipa ni goti. Raba za kukimbia zenye meno ni mbaya zaidi. Tafuta raba ya soli laini na bapa, na sakafu ya saruji iliyopigwa brashi, isiyong'arishwa. Fundi mmoja na mifuko michache ya simenti watakutengenezea duara nyuma ya nyumba. Mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka zikianza, saruji ikilowa iache. Hayo ndiyo majira ya jerikeni. Na unaporusha, miguu yote miwili ibaki chini hadi kisahani kimeondoka. Kuruka na kubadilisha miguu kama wanavyofanya vijana kwenye televisheni kutakuja baadaye, au kusije kabisa.

Kocha utampata wapi? Uganda ni nchi ya wakimbiaji. Akii-Bua alituletea dhahabu ya Munich mwaka 1972 kwa kuruka viunzi, Kiprotich ya London mwaka 2012 kwa marathoni, Cheptegei za Tokyo na Paris, na kila kocha utakayemkuta atakuuliza unakimbia mita ngapi. Warushaji wako wachache, na wengi wao wamo katika timu za polisi, jeshi na Magereza. Wewe ni mtu wa nyumbani huko. Nenda kambini, salimia, uliza nani aliwahi kurusha. Mazungumzo ya nusu saa na mtu huyo, akikutazama ukirusha mara kumi, yatazidi barua yangu.

Umetaja pia kwamba wenzako wanakucheka kwa umri. Al Oerter wa Marekani alishinda dhahabu ya kisahani katika Olimpiki nne mfululizo, 1956 hadi 1968, akastaafu, akarudi, na mwaka 1980, akiwa na miaka 43, akarusha mita 69.46, mbali kuliko siku zake zote za ubingwa. Sikwambii utafika huko. Yeye alikuwa amerusha tangu ujana. Nakwambia tu kwamba mwili wa mrushaji haufungi duka ukiwa na miaka 30. Mita 30 zako, kwa kilo 1.5, ni lengo la haki, ila lipe misimu miwili. Ukifika 25 kwa kusimama kabla ya mwaka kwisha, mimi nitaridhika.

Chakula sitakaa nacho sana. Posho, yaani ugali, na matoke vina nafasi yake, lakini mwili wa miaka 54 unajenga misuli kwa shida kidogo kuliko wa kijana, kwa hiyo kila mlo uwe na kitu cha kujengea: maharagwe, mayai, mukene (dagaa wa ziwani), karanga, maziwa. Mukene ni rahisi kuliko nyama, na hapo kwenu hazikosekani sokoni. Gawanya kutwa nzima badala ya kusubiri sahani moja kubwa ya jioni.

La mwisho, kununua. Wauzaji watakuonyesha visahani ambavyo uzito mwingi umewekwa kwenye ukingo, na watakuambia ndivyo vya mabingwa. Ni kweli, vikizungushwa sawasawa hubaki vimetulia hewani muda mrefu zaidi. Lakini vinataka mkono unaojua kuvizungusha, na kwa anayeanza hutikisika na kuanguka mapema. Nunua chenye uzito mwingi katikati, au cha mpira mtupu wanachotumia shuleni, ambacho ni cha bei nafuu na hakiogopi mawe ya uwanja wako. Kabla ya kulipa kiweke kwenye mizani ya duka la nafaka. Kisipungue kilo 1.5, kwa sababu kikipungua mashindanoni hakitapokelewa. Pitisha kidole ukingo wote. Ukikuta mahali pamechongoka, kiache hapo hapo, kitakuchana kidole cha shahada siku ya kwanza.